Kapera Bandia

Sanduku la Babu Harm lilikuwa linalia.

Halikulia kama sanduku la mtu aliyebeba soksi na mswaki. Kila gurudumu lake lilipovuka ufa kwenye sakafu ya stesheni ya Stuttgart lilifanya chaka-chaka-chaka, kama njuga za mcheza ngoma, na kwa kuwa stesheni ile imekuwa ikijengwa upya tangu Nuhu hajakata mbao, nyufa hazikuwa haba. Folkert alimfuata babu yake nyuma, masikio yamemsimama kama ya sungura.

"Babu, umebeba nini humo?"

"Dawa zangu."

"Dawa gani zinapiga kelele hivyo?"

"Dawa za uzee. Ukifika umri wangu, mjukuu wangu, utatembea na duka zima, na magoti yako yatapiga kelele kushinda hizo. Kaza mwendo."

Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Dalili ya pili ilikuwa begani kwa Wiebke, dada yake mdogo: mfuko mrefu mweusi wa kutunzia suti, na huyo Wiebke tangu azaliwe hajawahi kumiliki nguo inayostahili hanga. Dalili ya tatu ndiyo iliyomtia jasho. Mama yao, Gesine, alikuwa mchangamfu. Mama Gesine hachangamki asubuhi isipokuwa kuna mtu atakayeaibika kabla ya jioni.

Alikuwa amemwamsha kwa wimbo, akamkatia keki yenye mshumaa, akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. "Miaka thelathini, mwanangu! Leo familia nzima tunakupeleka Hamburg, ukaone meli."

Folkert hakuwahi kupenda meli. Mama yake alilijua hilo.

Nyumba yao ilikuwa Stuttgart, lakini kitovu cha ukoo kilizikwa Bremen, kule kaskazini, na watu wa Bremen wana lao jambo. Kijana wao akitimiza thelathini bila kuoa, hapewi saa ya mkononi. Anapelekwa kwenye ngazi za kanisa kuu, anavishwa kofia ndefu nyeusi kama mzika maiti wa zamani, vizibo vya chupa za bia vinamwagwa miguuni pake, kisha anakabidhiwa ufagio uliokwisha meno. Afagie. Akikaribia kumaliza, jamaa zake wanamwaga vingine. Hafunguliwi mpaka mwali ajitokeze katikati ya umati na kumpiga busu. Mama Gesine alikuwa amemwahidi tangu sauti yake ilipoanza kuvunjika: "Ukifika thelathini bado kapera, nitakupeleka kwa mkono wangu."

Kufagia peke yake si kitu. Wanaume wazima wamefagia na hawakufa. Balaa ni kwamba Folkert hakuwa kapera. Mwezi wa tano, siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana, alikwenda na msichana wake bomani wakafunga ndoa, wakala soseji wamesimama, kila mmoja akarudi ofisini kwake. Na huyo msichana alikuwa Tabea, binti wa Bi Rapp, jirani yao wa ghorofa ya chini.

Hapo ndipo penye kisa. Stuttgart wapangaji hufagia ngazi za jengo kwa zamu. Kuna kibao kidogo cha mbao kinachotundikwa mlangoni kwa mwenye wiki yake, na mwenye kibao hana pa kukimbilia. Bi Rapp, mzaliwa wa pale pale, alikuwa na kidole cha shahada kinachojua vumbi kuliko fagio lenyewe. Akikipitisha kwenye mbao za ngazi, akakitazama, akasema, "Hmm," basi. Hiyo "hmm" aliisema mara moja baada ya Mama Gesine kufagia, Folkert akiwa bado hajaota ndevu, na tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawajapeana hata salamu ya mlangoni. Mmoja akipanda, mwingine husubiri. Mama Gesine aliwahi kukaa na gunia la viazi kwenye baridi mpaka vikachipua, akingoja Bi Rapp amalize kufunga kamba za viatu.

Ndoa ikafungwa kimya kimya, ikaahirishwa kutangazwa. Wangoje hasira zipoe, walisema. Wakangoja. Hazikupoa.

Wakaingia treni ya kwenda kaskazini, wakakaa wanne kwenye meza moja. Mama Gesine alikuwa ameweka nafasi katika behewa la kimya, kwa sababu, alivyosema, mtu mwenye heshima husafiri kimya. Kisha akaanza kumenya mayai ya kuchemsha kwa kuyagonga mezani.

"Shhh," alisema bwana mmoja mwenye miwani.

"Ni yai," Mama Gesine alimjibu. "Lina ganda. Nifanyeje?"

Walipoiacha Mannheim, Babu Harm alikuwa ameshafika kwenye hadithi ya ukungu. Aliwahi kufanya kazi kwenye matishari ya mto Weser, na kwa maneno yake, mwaka ule ukungu ulikuwa mzito hata aliegemeza baiskeli yake juu yake akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, ukungu umeondoka na baiskeli. Iliokotwa Denmark.

"Nani aliiokota?" Wiebke aliuliza.

"Mchungaji wa kanisa. Akawa anaiendesha. Nilimwachia, mtu wa Mungu."

"Shhh," alisema bwana wa miwani, lakini alikuwa ameacha kusoma gazeti.

Folkert hakucheka. Alikuwa akiwapima mmoja mmoja. Kwa nini Wiebke anaikumbatia ile suti kama mtoto mchanga? Kwa nini Babu ameuweka mguu juu ya sanduku? Mwenye kuficha jambo huona wenziwe wote wamebeba kitu kwapani. Wakati huohuo, bila yeye kujua, upande wa pili wa meza palikuwa na macho mengine yanampima yeye.

"Folkert."

"Naam, mama."

"Simu yako mbona umeilaza kifudifudi?"

"Inapumzika."

"Simu haipumziki, mwanangu. Marehemu baba yako alipoanza kulaza barua kifudifudi, nilijua ameuza pikipiki. Na kweli alikuwa ameuza pikipiki."

Frankfurt treni huingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia. Folkert, aliyekuwa akitazama mbele, sasa akawa anasafirishwa kinyumenyume kama mbuzi wa mnada. Akaona mama yake na Wiebke wanakonyezana. Akasema anakwenda chooni, akaishika simu akaipeleka mpaka kwenye kijia kati ya mabehewa, akampigia mkewe.

"Sema upesi," Tabea alinong'ona. "Nipo kwenye ngazi na mama, zamu ni yetu. Ananipitia na kidole nyuma."

"Tabea, nadhani wananipeleka Bremen."

"Bremen kufanya nini?"

"Kufagia."

Folkert alisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Si ndiko anakotokea msichana anabusu?"

"Ndiko."

"Msichana gani?"

"Sijui bado."

"Hujui, au hutaki nijue?"

"Tabea, mke wangu, hata kama wananipeleka sina hakika! Ni sanduku tu linalia."

"Sikiliza, Folkert. Mimi nimekaa miezi na pete ndani ya kopo la sukari kwa ajili ya mama yako. Sijalalamika. Lakini mwanamke mwingine akikubusu mbele ya kanisa na wewe ukakaa kimya kama kapera, usirudi kwangu. Rudi na huyo huyo. Mwambie mama yako kabla hujashika ufagio." Kisha kwa sauti ya juu: "Ndiyo mama, kona nimezipitia!" Simu ikakatika.

Folkert aligeuka. Nyuma ya mlango wa kioo alikuwa amesimama Mama Gesine, pua yake nusura iguse kioo. Mlango ukafunguka wenyewe, maana milango ile haijui kutunza siri ya mtu.

"Nani huyo?"

"Kazini."

"Jumamosi?"

"Kuna dharura."

"Unachora ramani za mabomba, Folkert. Bomba limetoroka?" Alimsogelea, akashusha sauti. "Niambie. Umefukuzwa kazi?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Umeingia dini mpya?"

"Mama!"

"Sijasema ni vibaya. Nauliza. Mama akimwona mwanawe hali mayai, anauliza."

Folkert alivuta pumzi. Maneno yalikuwa yamekwisha panda mpaka kwenye ulimi, yamepiga foleni. "Mama, mimi na..."

Mlango wa choo ukafunguka kwa kishindo, akatoka Babu Harm anafunga mkanda. "Bomba la humu halivuti vizuri," alitangaza. "Folkert, si kazi yako hiyo? Kalitazame." Maneno yakashuka tena yakaenda kulala.

Kassel ikapita, Göttingen ikapita, misitu ikawa mashamba, mashamba yakalala chini kama mkeka. Hannover, Mama Gesine alisimama na kukung'uta makombo.

"Shukeni."

"Hii treni inakwenda hadi Hamburg," Folkert alisema. "Imeandikwa pale juu."

"Na wewe ukubwa wote huo unaamini kila kilichoandikwa?" alisema Babu Harm, akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko, mshiko wa mtu aliyewahi kufunga matishari. Kwenye jukwaa la pili sauti ya mwanamke asiyeonekana ikatangaza treni iendayo Bremen. Watu watatu wa familia moja wakatazama viatu vyao kwa pamoja. Wiebke ndiye aliyeshindwa. Kicheko kilimtoka puani.

"Nisamehe kaka. Nimejitahidi tangu Mannheim!"

Basi siri yao ikavuja, na kwao ilikuwa sherehe. Ndani ya treni ile ndogo Wiebke alifungua mfuko akatoa koti jeusi lenye mkia mrefu nyuma na kofia. Babu akafungua sanduku: vizibo, vizibo, vizibo, mpaka juu. "Vingine ni vya kabla hujazaliwa," alisema kwa fahari. "Nimekunywa kwa ajili yako, mjukuu wangu. Ini langu lote liko humu."

"Na mwali tumekutafutia," Mama Gesine alisema, macho yamelowa kwa furaha. "Hatukutaka ubusiwe na mpita njia. Insa, binti wa rafiki yangu Frauke. Daktari wa meno. Hana mtu."

Folkert alihisi meno yote yanamuuma.

"Mama, nisikilize..."

"Nisikilize wewe kwanza. Nimekuwa na hofu, sikufichi. Usiku nilikuwa nikiwaza, huyu mtoto ataniletea nani? Kile kibinti cha chini kilikuwa kinakutazama sana kwenye ngazi. Unakijua. Nikasema, Mungu wangu, chochote, niletee hata mwendesha sarakasi, lakini si kutoka nyumba ya yule mwanamke." Alimpapasa shavu. "Leo ukifunguliwa na msichana wa maana, nitalala. Haya, ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa naulizia choo," alisema Folkert.

Kanisa kuu la Bremen lina minara miwili, na siku ile Folkert aliiona kama vidole viwili vya mwalimu vinavyomnyookea. Alivaa koti. Alivaa kofia, ikamshuka mpaka kwenye nyusi. Mzee mmoja akaanza kuzungusha kinanda cha mkono, watalii wakakusanyika na simu zao, na Babu Harm akalipindua sanduku kwenye ngazi ya juu kabisa. Vizibo vilishuka kama mvua ya mawe. Walioshuhudia wanasema njiwa wa Bremen hawakurudi mjini mpaka Jumanne.

"Fagia, kapera!" umati ulipiga kelele.

Akafagia. Ufagio wenyewe ulikuwa na nywele chache kuliko kichwa cha babu yake. Akisukuma vizibo vitatu, viwili vinarudi. Lakini alifagia kwa bidii ya ajabu, mgongo kwa umati, maana alikuwa amemwona Insa: mrefu, mpole, ana ua kwenye nywele, amesimama kando ya Frauke akisubiri kuitwa. Kila Insa aliposogea kulia, kizibo kilipatikana kushoto.

"Anaona haya," Frauke alisema.

"Haoni haya," Mama Gesine alisema polepole. Macho yake yalikuwa yamejikunja. "Huyu mtoto anakimbia kitu. Insa, mwanangu, panda."

Insa akapanda. Umati ukaanza kuhesabu ngazi kwa kupiga makofi. Folkert akarudi nyuma, akarudi, mpaka mlango wa kanisa ukamgonga kisogoni na kofia ikaanguka. Mbele yake uso wa Insa, nyuma yake mbao za mlango, na masikioni mwake sauti ya ndoo ya Tabea ikiwekwa chini. Akaona kumbe ameshafika mahali ambapo lazima ampoteze mmoja. Akanyanyua ufagio kati yake na daktari wa meno kama ngao.

"Dada yangu, nisamehe, huwezi kunifungua," alisema. "Nimeshafunguliwa. Mimi nimeoa."

Kinanda kikanyamaza katikati ya wimbo.

"Ala!" alisema Insa, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Si ungesema mapema? Mimi nimeletwa tu na mama."

Mama Gesine alipanda ngazi moja baada ya nyingine, vizibo vikilia chini ya viatu vyake.

"Umeoa nani?"

"Tabea."

"Tabea yupi?"

"Mama, tunamfahamu Tabea mmoja."

Mama Gesine aliketi palepale kwenye vizibo. Alitazama uwanja, akatazama watalii mmoja mmoja, kana kwamba anashuku nao walijua. "Babu yako anajua?"

"Sijui kitu!" Babu Harm alijibu kutoka chini. "Mimi ni mtu wa vizibo."

"Wiebke?"

Wiebke alitikisa kichwa, mdomo wazi.

"Lini?"

"Mwezi wa tano. Bomani."

"Bila mimi." Haikuwa hasira; hasira Folkert angeiweza. "Ulimpeleka mwanamke bomani mimi nikiwa hai, nina nguo kabatini." Folkert aliinama mbele yake na koti lake la mkia. Kisha akaona kitu kinapita usoni mwa mama yake, kama samaki anayepita chini ya maji. "Na yule... mama yake. Yeye alikuwepo?"

"Hapana, mama. Hajui mpaka sasa."

"Mpaka sasa?"

"Mpaka dakika hii."

Mama Gesine alijinyoosha mgongo. "Kwa hiyo mimi nimejua kabla yake."

"Ndiyo."

"Naye yuko nyumbani, anafagia, hajui kitu."

"Hajui kitu."

"Nipe hiyo simu."

Folkert hakuwa na hakika kama anampa mama yake simu au kisu, lakini akampa. Tabea aliposikia ni sauti ya nani, alianza kuomba radhi; Mama Gesine hakuwa na haja naye kwa wakati ule. "Mkwe wangu, nipe mama yako. Ndiyo, nimesema mkwe wangu. Nipe." Simu ilifunguliwa sauti, na umati mzima wa Bremen ukasogea kusikiliza. "Bi Rapp? Gesine hapa, wa juu. Watoto wetu wameoana tangu mwezi wa tano. Nimeona ni ungwana nikujulishe."

Wengine wanasema saa ya mnara ilisita kugonga.

"Hmm," ilisema simu. Halafu: "Na sasa mwanao yuko wapi?"

"Bremen. Kwenye ngazi za kanisa. Anafagia."

"Anaanzia juu, au chini?"

Mama Gesine alitazama vizibo vilivyozagaa kuanzia mlangoni hadi kwenye reli za tramu. "Juu, Bi Rapp," alisema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. "Sisi huanzia juu. Njoo na binti yako mjionee. Hatatoka hapa mpaka mkewe aje amfungue." Akakata, akamrudishia Folkert simu, akamwokotea kofia na kumvika kwa nguvu isiyo ya lazima. "Fagia."

Kutoka Stuttgart ni safari ya zaidi ya saa tano. Folkert alifagia. Insa na Wiebke walikwenda kula mkate wa samaki, wakarudi marafiki. Mzee wa kinanda alirudia nyimbo zake mpaka akaanza kuzichukia. Kila ngazi zilipong'aa, Babu Harm alimwaga upya, na Mama Gesine akakaa chini amekunja mikono, akimtazama mwanawe kwa jicho la kuuliza kama kuna kingine amekificha: mtoto labda, au nyumba. Mara mbili alimuuliza. Mara mbili Folkert aliapa hakuna.

Jua la kiangazi la kaskazini halina haraka ya kulala, lakini hata lenyewe lilikuwa limeshaanza kupiga miayo Tabea alipokatiza uwanja mbio, pete kidoleni. Babu alitaka kutoa hoja kwamba sheria inasema mwali, na huyu ni mke wa mtu. "Baba, nyamaza," alisema Mama Gesine. Tabea akapanda, akamshika Folkert kwa masikio, akambusu mpaka kofia ikaanguka tena, na watu wakapiga vigelegele kwa lafudhi ya Kijerumani.

Mama Gesine hakuwa akiwatazama. Alikuwa anamtazama mwanamke mfupi mwenye mkoba aliyesimama chini ya ngazi, viatu vimebanana, hapandi wala haondoki. Naye Mama Gesine akasimama, hashuki. Walipimana vile kwa muda, kama walivyopimana miaka yote.

Mwishowe Mama Gesine alishuka ngazi tatu. "Mmechelewa," alisema.

"Treni imechelewa," alijibu Bi Rapp. "Si mimi. Tumekaa kule Göttingen bila kuambiwa kitu."

"Hawasemi kitu! Kamwe hawasemi!"

"Na behewa limebadilishwa. Nafasi nilizoweka hazipo."

"Na kahawa?"

"Mashine mbovu."

"Mashine mbovu!" Mama Gesine alipiga paja kwa uchungu wa kweli, akashuka zilizobaki, akampokea mkoba. "Keti hapa, Bi Rapp, keti. Na sisi leo asubuhi, choo cha kwetu..."

Wakaketi bega kwa bega kwenye ngazi za kanisa, wakaisema treni ile kutoka injini mpaka taa ya nyuma. Giza lilikuwa limeanza kuingia walipoimaliza. Ndipo wakageuka wote wawili kwa pamoja, wakamtazama Folkert.

"Mwezi wa tano," alisema Bi Rapp.

"Bomani," alisema Mama Gesine. "Hebu mwambie aje hapa atueleze vizuri."